Mjomba Aliyeelea Ubavu

Leo nimeumbuka. Wenzangu wa zamu ya tatu, barua hii isomeni mmekaa, maana mkiisoma mmesimama mtaanguka.

Mnajua tangu kiwanda kiuzwe na sisi tupunguzwe, kazi yangu imekuwa kuhesabu mabati ya nyumba yangu. (Ni kumi na nane. Moja linavuja.) Basi binti yangu Zuhura, yule aliyeolewa Dar, akaniletea sanduku la kioo na samaki watatu wa rangi ya chungwa, wa kutazama tu. Siku hizi mambo ni ruksa, hata samaki wanatoka ng'ambo, na sisi tuliopanga foleni ya sabuni ya mche! Lakini hiyo sabuni niiache, nitapotea.

Yule samaki mkubwa, mashavu yamejaa, macho ya hasira, nikamwita Mjomba. Anafanana na mjomba wangu wa Mgeta, kule mlimani, kabisa. Na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu ya ardhi ya ukoo. Mimi nakitaka kile kipande cha kijitoni nichimbe bwawa, nifuge samaki wa kula. Mjomba akaniambia, "Hao wa kwenye kioo wakimaliza wiki, utapata. Wakifa, usinitajie tena." Leo ndiyo wiki inatimia. Leo ndiyo alikuwa anashuka kuja kuona.

Asubuhi naangalia, maji yana ukungu. Mjomba akute maji kama haya? Zuhura aliacha karatasi ya maelezo. Nikaisoma (mnajua kusoma kwangu, natembea na kidole). Nikafika penye "Maji ya bomba yana dawa." Nikakunja karatasi. Samaki anataka nini tena zaidi ya dawa? Nikamwaga maji yote ya zamani, nikajaza ya bomba mpaka juu. Yanang'aa!

Hata chai sijaimaliza, samaki wanatweta juu ya maji kama wamepanda mlima na mizigo. Kisha Mjomba akaelea ubavu.

Nikatoka nje mbio, kofia mkononi, mtaa wetu wote wa Mwembesongo ukanisikia: "Mjomba amekufa! Jamani, Mjomba amekufa!"

(Huu mdomo wangu!)

Jirani yangu Kasanda ni Mnyamwezi, mtani wangu. Na mtani kwenye msiba hana simile, mzaha ni haki yake. Sijafafanua lolote, ameshaianua kanga ya mke wangu kambani, ameivaa, amejipaka unga usoni, anagaragara mlangoni: "Mjomba uliyeninyima ndizi, leo nani ataninyima!" Viti vikaja. Mkeka ukatandikwa. Kina mama wakaingia uani na masufuria. Mimi nasema, "Sikilizeni, ni samaki." Wao wanasema, "Masikini, uchungu umempanda kichwani."

Mke wangu akanivuta kando. "Baba Zuhura, mjomba gani?"

"Wa kwenye kioo."

Akajishika kiuno. "Na hawa watu?"

Sijajibu, watu wa barazani wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mjomba mwenyewe! Fimbo mkono huu, dumu la maji mkono huu. (Maji ya mjini hanywi. Anasema yananuka hospitali.)

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Poleni. Nani ametutoka?"

Kasanda, na unga wake usoni, akamjibu: "Wewe."

Ardhi haikupasuka nikaingia. Nikamwongoza ndani. Mke wangu akaikunjua ile karatasi, akasoma kwa sauti, na dirisha li wazi: "Maji ya bomba yana dawa inayoua samaki. Yalale kwanza kwenye ndoo wazi, siku nzima. Usibadilishe yote kwa mpigo." Huko nje mtu akaanza kukohoa, lakini kile hakikuwa kikohozi.

Mjomba hakucheka. Aliinama, akatazamana na mwenzake, mashavu kwa mashavu. "Huyu bado anapumua," akasema. Akamimina dumu lake lote kwenye beseni. Maji ya mlimani, yamepigwa jua njia nzima, hayana dawa ya mtu. Tukawahamisha kwa kikombe. Tukangoja. Wawili wakachangamka, wakaogelea. Mjomba kabaki ubavu vilevile. Nikaliona bwawa langu linakauka kabla halijachimbwa.

Kisha mkia ukatikisika. Ukatikisika tena. Akajigeuza, akatutazama kwa hasira yake ya kila siku.

"Mjomba kazinduka!" Kasanda akapiga kelele dirishani, na kilio kikawa vigelegele. Ugali wa msiba ulikuwa umeshaiva, ukaliwa hivyo hivyo.

Mjomba akangoja mpaka jua linazama, anakunywa maji ya bomba huku amekunja uso, maana maji yake yamekwenda kwa samaki. Akachungulia beseni. Watatu, wazima. "Haya," akasema. "Kesho tupande nikakuonyeshe mipaka ya kipande chako. Lakini huyo samaki mbadilishe jina."

Nimeshambadilisha. Na nyie nawaomba, msicheke. Sasa anaitwa Kasanda, na siku akielea ubavu nitanong'ona.