Macho Yangu ni Mazima Kabisa

Jumatatu, 3 Juni

Macho yanawaka moto. Nimeingia nyumbani jioni nikaliambia pole na kazi koti la shemeji lililotundikwa mlangoni. Koti halikujibu. Shemeji, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, akajibu kwa niaba yake na kuuliza kama siku hizi ofisini tunalipwa kwa vinywaji, maana macho mekundu namna ile aliyaona mara ya mwisho kwa mjomba wake, na mjomba hakuwa karani.

Dada amenikalisha chini. Nimemwambia yote. Miezi sita sasa nahamisha kadi za wagonjwa kutoka kabatini kwenda kwenye kompyuta, katika masjala ya hospitali. Tuko wawili kwenye majaribio. Nafasi ni moja! Mkuu wa Masjala atatoa barua ya kuthibitishwa Jumatatu ijayo, na atakayekosa atapelekwa stoo ya mashuka. Nimesoma miaka kumi na sita. Kwa ajili ya mashuka?

Mshindani wangu tunamwita Mvua. Akichapa ni kama mvua kwenye bati. Mimi nikichapa ni kama bomba linalovuja.

Dada akauliza kwa nini nisiende kliniki ya macho, si iko humo humo hospitalini? Iko ng'ambo ya ua. Hatua arobaini na mbili, nimezihesabu. Lakini Dada ni fundi cherehani, hajui mambo ya masjala. Kila anayetibiwa hufunguliwa kadi. Kila kadi huletwa kwetu. Na Mama Makabrasha, karani wetu mkongwe, huisoma kwa sauti ili mmoja wetu aichape: jina, umri, ugonjwa. Sauti yake hupita kuta mbili. Nitibiwe saa tatu, saa nne nisikie mwenyewe: karani, masjala, macho mabovu. Na Mkuu anakaa chumba cha pili, mlango wazi.

Asante. Siendi. Nitajitibu kwa siri.

Jumanne, 4 Juni

Nimesoma ushauri wa kitaalamu. Kila baada ya dakika ishirini, tazama kitu kilicho mbali, mita sita hivi, kwa sekunde ishirini. Rahisi! Bure! Hauonekani!

Tatizo: chumba chetu kina mita nne. Dirisha langu linatazama ukuta. Kitu pekee kilicho mita sita kutoka kwenye kiti changu, kupitia mlangoni, ni Mkuu.

Saa mbili na dakika ishirini nimemtazama Mkuu. Sekunde ishirini. Saa mbili na arobaini, tena. Saa tatu, akainua kichwa tukakutana macho. Sheria inasema ishirini, nilikuwa nimefika tisa. Nikaendelea.

Kufikia saa nne alikuwa ameshakagua zipu yake mara mbili. Saa tano akahamisha kiti. Nami nikasogea kidogo ili nimpate.

Saa sita akaniita. Akauliza kwa upole kama nina shida. Nikasema sina. Akauliza kama kuna mtu kaniambia jambo lolote juu yake. Nikasema hakuna, Mkuu. Akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama ni wale wa ukaguzi walionituma. Nikasema hapana, namtazama tu. Nikaona jibu halijakaa vizuri, nikaongeza kwamba namtazama ili nijifunze.

Amefunga mlango. Sasa kitu cha mbali kabisa nilichonacho ni kabati.

Jumatano, 5 Juni

Tango! Dada anasema fundi mwenzake huweka vipande vya tango machoni akichoka. Nimekata viwili, vinene, nikavifunga kwenye leso.

Wakati wa chakula nimeingia chumba cha makabati, nikalala chali kwenye rafu ya chini iliyo tupu, nikapachika tango. Baridi! Raha! Nikalala usingizi.

Mama Makabrasha akaja kutafuta faili.

Lazima nikumbuke kwamba hii ni hospitali. Mtu akikuta mwili umenyooshwa kwenye rafu, mikono kifuani, macho yamefunikwa, huwa hafikirii tango. Amepiga kelele hadi wauguzi wawili wakaja na machela. Mimi nikaamka ghafla, tango moja likaanguka, na mmoja wa wauguzi akakimbia.

Ilibidi nitoe sababu haraka. Nikasema ni kwa ajili ya ngozi. Urembo.

Mvua hajaniacha tangu hapo. Kila ninapopita: "Jamani mpisheni bwana harusi, asipate vumbi!" Ameniuliza kama kesho naleta karoti. Mama Makabrasha ndiye aliyenitetea. Kasema mwacheni mtoto wa watu, afadhali huyo anaoga. Kisha akaninong'oneza kwamba kama ni macho niseme, nisione haya. Nikacheka kwa sauti kubwa mno. Macho? Mimi? Naona hata inzi darini!

Hapakuwa na inzi. Ilikuwa swichi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeipata! Sijui kwa nini wataalamu hawajaifikiria.

Mama Makabrasha husoma. Mimi husikia. Vidole vinajua njia. Basi macho yanahitajika kwa kazi gani?

Nimechapa asubuhi nzima nimefumba macho. Nimegeuza kiti kidogo ili wasione uso. Ee, utamu! Alisoma, nikachapa, akasema sawa, nikasema sawa. Kadi arobaini. Nilikuwa na kasi ambayo sijawahi kuwa nayo. Mvua mwenyewe aligeuka kunitazama, kaniambia Mama Makabrasha baadaye. Nilijihisi kama mpiga kinanda.

Saa sita Mama Makabrasha akaenda kula. Nikafumbua macho.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa na kikohozi. Kwenye kompyuta ana "lolpjpxo". Wa pili pia anaumwa kitu ambacho hakuna daktari aliyewahi kukitibu. Vidole vyangu vilianzia kitufe kimoja pembeni na havikurudi. Wagonjwa arobaini, wote wana majina ya sayari nyingine.

Mvua alikuwa ananyoosha mgongo njiani kwenda kula. Nikaifunika skrini kwa kifua. Akauliza kama naikumbatia. Nikasema najinyoosha. Akasema kweli mapenzi hayachagui, akatoka.

Sikula. Nimechapa upya kadi zote arobaini, macho wazi, pua karibu iguse kioo, machozi yanadondokea kibodi. Katikati ya saa nzima ile mlango wa Mkuu ukafunguka. Akasimama. Akanitazama muda mrefu, pengine zaidi ya sekunde ishirini. Akafunga tena polepole.

Nimekwisha. Ameona machozi.

Ijumaa, 7 Juni

Kikao cha ghafla. Mkuu amekuja na daktari wa macho mwenyewe, mama mfupi mwenye tabasamu. Daktari amesema anashangaa: watu wanakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima hatua chache kutoka mlangoni kwake na hakuna hata mmoja aliyefika. Atatupima wote bure. Hatafungua kadi yoyote. Wenye shida watapewa miwani na mapumziko ya dakika kumi kila saa.

Mkuu akasema mwenye maumivu ya macho anyooshe mkono, asiogope.

Huo ndio mtego wenyewe. Siku moja ya kazi kabla ya barua, unawauliza watu nani mbovu? Mimi si mtoto!

Mama Makabrasha akanyoosha mkono. Mvua akanyoosha. Nilitaka kuruka kwa furaha. Kumbe Mvua naye! Kumbe miezi yote alikuwa anajitia dawa ya matone ya macho chooni. Kasema mwenyewe, bila aibu. Halafu Mkuu akanyoosha wake. Mkuu! Akasema yeye barua za makao makuu huzisomea karibu na dirisha, na Jumanne alidhani kuna mtu amegundua.

Wote wakanigeukia.

Mikono yangu niliikalia.

Mkuu akauliza mara ya pili. Nikasema, Mkuu, macho yangu ni mazima kabisa. Wakati huo huo chozi likashuka. Nikasema ni mafua.

Daktari alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Lakini Mkuu akanipiga begani. Akasema alijua tangu aliponikuta jana nachapa saa ya chakula. Kijana wa chuma!

Jumamosi, 8 Juni

Nimemsimulia Dada. Ameacha sindano hewani. Ameniambia mficha maradhi kilio humfichua. Nikamjibu kwamba hadi sasa ni machozi tu. Shemeji amecheka hadi akakohoa; Dada hakucheka hata kidogo. Amesema hata yeye huinua kichwa kila akimaliza mshono mmoja, na cherehani haijawahi kumfukuza kazi.

Wanawake wana haraka ya kukata tamaa.

Jumatatu, 10 Juni

Barua!

Mkuu amenikabidhi mbele ya wote. Wamepiga makofi. Mvua, mwenye miwani mipya inayompendeza bila sababu, amenipa mkono na kuniambia hongera, bwana harusi. Yeye leo kaanza stoo ya mashuka. Nimepita pale mchana. Milango miwili mikubwa, upepo, miti ya mbali kule nyuma ya uzio. Alikuwa amekaa juu ya mafurushi anatazama miti, anapiga mluzi. Nilimhurumia sana.

Barua yenyewe sikuweza kuisoma. Mistari ilikuwa inatembea kama siafu. Nikatikisa kichwa mahali pa kutikisa, nikashukuru, nikaileta kwa Dada.

Dada ameisoma kwa sauti. Nimethibitishwa. Kwa kuwa mimi peke yangu sina tatizo la macho, nitachapa pia kadi za Mvua, na za wengine wote wakati wakiwa kwenye mapumziko yao ya dakika kumi. Nimeongezewa skrini ya pili.

Dada ameiweka barua chini. Amesema kesho asubuhi ananipeleka kliniki mwenyewe, kwa sikio ikibidi. Nimemweleza kwa utulivu kwamba haelewi. Jana nilikuwa wa majaribio, sikuwa na cha kupoteza. Leo nina kazi ya kudumu! Leo ndiyo siku ya kuogopa!

Isitoshe nimeshapata njia. Kwenye kompyuta mtu anaweza kukuza herufi. Nitazikuza hadi neno moja lijaze kioo kizima, na neno la pili lijaze kioo cha pili. Nitakuwa nasoma hata nikiegemea ukuta. Kimya kimya, polepole, bila mtu yeyote kugundua.

Mlango wa Mkuu sasa uko wazi tena, na miwani yake ni mizuri mno. Lakini sidhani kama atatazama upande wangu.