Farasi wa Kopo la Maziwa

Siku Tawakali alipopata riziki yake mpya, alikuwa amekaa zake kijiweni Mtanda, mjini Lindi, anakunywa kahawa ya mkopo na kusikiliza watu wazima wakitukana baiskeli.

Iliyotukanwa ilikuwa ya Amiri, muuza nazi. Ilikuwa mpya, nyekundu, ya Kichina, hata nailoni ya dukani haijatoka.

"Hilo si baiskeli, hilo ni mwavuli," alisema Bwana Khamisi, karani mstaafu, ambaye kila asubuhi alitoa hukumu pale kijiweni na hajawahi kutokea mtu wa kukata rufaa. "Baiskeli ilikuwa Kraunweli. Ya Mwingereza! Marehemu baba alitoka nayo hapa mpaka Kilwa, akarudi, tairi halijapungua hata pumzi."

Kijiwe kizima kikaguna kwa heshima.

"Bwana Khamisi," Tawakali aliuliza kwa upole, "wewe mwenyewe umewahi kuipanda?"

"Mimi? Mzee alikuwa haruhusu mtu kuigusa."

"Na nyinyi wenzangu?"

Hakuna. Mmoja alimwona babu yake nayo kwenye picha. Mwingine aliwahi kusikia kengele yake, au alisimuliwa na aliyeisikia. Tawakali akaweka kikombe chini taratibu. Mji mzima unalilia kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekikalia! Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Lakini huyu ndiye aliyewauzia watu viwanja vyenye mandhari ya bahari bila kuwaambia kwamba maji yakijaa bahari yenyewe huja kutazama mandhari ya nyumba. Hakwenda popote. Aliagiza kahawa nyingine, ya mkopo vilevile.

Wiki hiyo akaanza kuokota makopo ya maziwa ya unga. Alikata bati, akachora kwa msumari farasi mwenye taji, nembo ya Kraunweli, akapaka rangi ya shaba. Ukweli usemwe: farasi yule alifanana zaidi na mbuzi aliyevaa kofia ya harusi. Kwa ndani, bati lilibaki na picha yake ya dukani, mtoto mchanga mwenye mashavu anayecheka. Lakini nani hutazama mgongo wa nembo? Kisha akanunua baiskeli za Kichina, ndugu wa tumbo moja na ile ya Amiri, akazipaka rangi nyeusi, akaigongomea kila moja farasi wake shingoni, chini ya usukani.

"Zimetoka ghalani Nachingwea," aliwanong'oneza wateja. "Mwingereza alizificha aliposhindwa na mashamba yake ya karanga. Usimwambie mtu."

Wakaambiana wote.

Siku ya kuzijaribu pale kijiweni ilikuwa ya kutia huruma, nami huruma hiyo sina. Bwana Khamisi alipanda kwanza nyekundu ya Amiri, akazunguka msikiti mara moja, akashuka anashika kiuno. Akapanda nyeusi yenye farasi, akazunguka msikiti uleule, akarudi macho yamelegea.

"Mmeona? Inatulia! Ile inakutikisa mpaka meno. Hii unaisikia kabisa kwamba ni chuma kilicholelewa."

"Lakini bwana," alisema Amiri, "mbona pedeli ni zilezile?"

"Nyamaza, muuza nazi. Wewe na chuma mmejuana wapi?"

Amiri akaona aibu. Akamuuzia Tawakali nyekundu yake kwa bei ya kutupa. Wiki iliyofuata Tawakali akamuuzia Amiri baiskeli ileile, sasa nyeusi, ina farasi, bei imepanda mara tatu. Amiri akaapa mbele za watu kwamba hii inapanda kilima yenyewe, yeye anaisindikiza tu.

Kwa mwaka mzima watu walinunua Mtanda, wakanunua Rasbura, wakanunua mpaka magulioni kule Kilwa. Tawakali akajinunulia pikipiki, akaifunga vishada kwenye usukani. Angeishia hapo, hadithi ingekuwa fupi na yeye angekuwa tajiri. Bahati mbaya alipenda.

Nusaiba alikuwa fundi wa mabuibui Rasbura, mwanamke aliyeachika mara moja na hakuwa na haraka ya pili. Tawakali alimpenda kweli, bila hila, mpaka mbele yake alikuwa anasahau uongo alioutunga njiani. Hakuna kitu kingine alichokitaka duniani. Nusaiba naye alicheka vichekesho vyake huku sindano iko mdomoni, na mwanamke hacheki na sindano mdomoni kwa mtu asiyempenda.

"Mahari nitasema mwenyewe," alimwambia. "Lakini kilemba ni cha mjomba. Nenda Kiranjeranje."

Kule mjomba ndiye mwenye neno. Tawakali akavaa kanzu, akafika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Yasini alimtazama toka kofia mpaka makubazi. "Kilemba changu mimi si kitambaa. Vitambaa ninavyo. Nataka Kraunweli."

Tawakali nusura acheke. "Hilo tu, mjomba?"

"Ya kweli. Nasikia huko Lindi kuna watu wanabandika."

"Astaghfirullah! Watu gani hao?"

"Ndiyo nashangaa. Ukiniletea ya kubandikwa, Nusaiba humpati, na hapa kwangu usikanyage." Akasafisha koo. "Nyuma ya kanisa yuko rafiki yangu Benedikto, mkulima wa ufuta. Ana baiskeli yake. Mimi sijasema kitu."

Tawakali alijua kuliko mtu yeyote kwamba Kraunweli zote za mkoa huu zilizaliwa uani kwake. Akaenda nyuma ya kanisa roho mkononi, akiomba iwepo hata moja aliyoiacha Mwingereza. Pale, chini ya banda, kuku akiwa amelala juu ya tandiko, akaiona. Nyeusi iliyochujuka. Kutu kila kona. Karia imepinda kwa magunia. Na shingoni, farasi! Amefifia, amebonyea, taji limeliwa nusu. Akamfukuza kuku. Hii sasa ndiyo yenyewe, alijiambia. Hata farasi wake ana sura ya ukoo.

"Mzee wangu, hii umeipata wapi?"

"Gulioni," alisema Benedikto. "Msimu wa ufuta uliopita, kwa kijana mmoja mwenye miwani ya jua."

Tawakali akatabasamu. Miwani yake ya jua ilikuwa mfukoni, lakini haikumpitia akilini kabisa. Yeye hakuwa akikumbuka wateja, alikumbuka mifuko yao.

"Mzee, usinifiche. Ya mkoloni hii."

"Ya Kichina, mwanangu. Ya kawaida tu. Inapiga kelele mpaka mbwa wananijua."

Loo, mzee mjanja huyu! Anajua thamani yake, anaishusha ili nisiitake. Tawakali akaipanda, akazunguka kanisa. Ikalia mnyororo, ikalia tandiko, na yeye akasikia utulivu ambao hajawahi kuusikia kwenye zile zake.

"Sema bei."

"Haina bei, nabebea ufuta. Nitabebea nini?"

"Bebea hii." Tawakali akamkabidhi ufunguo wa pikipiki, na vishada vyake.

Benedikto aliugeuzageuza ufunguo. "Mwanangu, nakwambia tena mbele ya kanisa, ni ya Kichina."

"Sawa, sawa, mzee. Ya Kichina," alisema Tawakali, akamkonyeza.

Akaisukuma mpaka kwa mjomba, jasho linamtoka, furaha imemjaa. Nusaiba alikuwepo, amefika na basi la asubuhi. Alichukua kisu cha kukatia nyuzi, akang'oa farasi, akamgeuza. Kwa nyuma, jicho moja na shavu moja la mtoto mchanga vilikuwa vinamcheka Tawakali.

Kisha mzee Yasini akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Nembo hii ilimdondokea Benedikto alipogonga kisiki," alisema Nusaiba. "Akaja hapa kumwonyesha mjomba. Mimi nilipotaja jina lako, mjomba akaniuliza, huyo si yule anayeuza farasi? Nikasema tuirudishe shingoni, tumjaribu. Nikaomba Mungu uikatae, Tawakali. Wallahi niliomba. Nilitaka uje useme, mjomba, Kraunweli hakuna, zote nilitengeneza mimi."

"Nusaiba, mimi ninakupenda."

"Na mimi nakupenda, ndiyo maana inaniuma! Umeniletea bati lako mwenyewe na umeliamini."

Tawakali akakaa chini.

"Pikipiki je?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Benedikto alikwambia ya Kichina," alisema mjomba. "Alikwambia mara ngapi?"

Nusaiba akamrudishia farasi wake mkononi. "Nenda Mtanda ukaseme ukweli. Sitaki warudishiwe chochote, wana raha yao. Nataka mtu mmoja tu kijiweni akuamini. Ukimpata, niite, nitaolewa siku hiyohiyo."

Mtu mmoja! Tawakali akapata uhai. Akaipanda baiskeli, akakanyaga pedeli mpaka Lindi, jua limemla, makalio yamekufa, akakifikia kijiwe kimejaa na baiskeli nyeusi zimepangwa ukutani.

"Jamani," alisema, "Kraunweli zenu ni za Kichina. Nilizipaka rangi mimi. Farasi ni kopo la maziwa."

Watu wakatazamana. Bwana Khamisi akatua kikombe.

"Ehe! Sasa tumekujua. Umepata tajiri Dar anazitaka, ndiyo unakuja kutununulia kwa bei ya chuma chakavu!"

"Bwana Khamisi, naapa!"

"Mtu akishaapa, ujue bei imepanda," alisema Khamisi, na kijiwe kikaitikia.

Tawakali akamgeukia Amiri. "Amiri, kaka. Hiyo yako ni ileile nyekundu! Uliniuzia, nikakurudishia. Kwaruza kidogo tu, utaona wekundu."

"Usiiguse!" Amiri alisimama mbele ya baiskeli yake, mikono ameitanua. "Wekundu ni rangi ya chini. Mwingereza ndivyo alivyopaka."

Ndipo Tawakali akatoa farasi wake mfukoni, akamgeuza, akamnyanyua juu wote wamwone mtoto. Bati likapita mkono kwa mkono. Mwisho likafika kwa Bwana Khamisi, ambaye alivaa miwani, akalitazama mbele, akalitazama nyuma, akaitazama na ile baiskeli yenye kutu. Uso wake ukajaa huruma ya kweli.

"Maskini Tawakali," alisema. "Kumbe yako ndiyo ya kubandikwa. Pole sana, ndugu yangu. Umetapeliwa."

"Pole," kijiwe kikasema.

"Ngoja nikuuzie yangu," alisema mmoja. "Kwa sababu ni wewe."

Simu ikalia. Tawakali akaipokea akiwa amewapa mgongo.

"Ehe?" aliuliza Nusaiba, na cherehani ikasikika ikisimama. "Umempata?"

Nyuma yake Amiri alikuwa anamfuta farasi wake vumbi kwa upindo wa shati.

"Bado," alisema Tawakali.