Samli Kwenye Shokapu

Jumatano, 2 Julai 2025. Mabwerebwere, Kilosa

Nashukuru. Nimeamka mzima, betri imejaa, na Hildegarda amenipa nafasi moja zaidi. Mke mwingine angeshanifungashia virago.

Mambo yako hivi. Tangu mafuriko ya mto Mkondoa yabebe kibanda changu cha kutengeneza redio na simu, nyumba hii inaishi kwa vitumbua vya Hildegarda. Sasa Mama Irine, mwenye kambi ya wageni kule Mikumi, ametangaza neno. Nyuma ya kambi yake kuna mawe ambapo wageni wanachezea magari ya rimoti, yale madogo ya kupanda miamba. Anatafuta mtu wa kuyasimamia. Saba Saba kuna mashindano. Atakayeshinda, kazi yake. Mshahara kila mwezi, na chakula cha mchana.

Nikikosa, tunahamia Zombo kulima ufuta kwa baba mkwe wangu, Mzee Hezekia. Hildegarda ameshaongea naye. Kaniambia, "Ditram, hii ndiyo ya mwisho." Hakupandisha sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Tumejiandikisha wanne. Wawili ni wa Mikumi, hawajui kitu. Wa tatu ni Malimi.

Alhamisi, 3 Julai

Malimi ni Msukuma, mfugaji, jirani yangu na mtani wangu. Kwa hiyo ana haki ya kuniita chura wa Mkondoa mbele ya watu, na mimi siruhusiwi kununa. Leo kanipita barabarani, kaniuliza kama nimeshanunua jembe. Nimecheka. Imeniuma, lakini nimecheka.

Magari yetu tulinunua siku moja, mtumbani Morogoro. Lake linapanda jiwe kama mbuzi. Langu linafika nusu, linatikisika, linalala chali. Tatizo ni shokapu. Shokapu za magari haya ni nyembamba kama kalamu, ndani mna mafuta na kipistoni. Mafuta yakiwa mepesi mno, gari linarukaruka. Yakiwa mazito mno, tairi haishuki kulifuata jiwe. Ya kwangu yalivuja yote, nikatia mafuta ya kula. Gari halikupanda, likanukia chipsi.

Nashukuru hata hivyo. Harufu ile ndiyo iliyonipa wazo.

Samli!

Ijumaa, 4 Julai

Nimekwenda sokoni kwa Dotto, mke wa Malimi, anauza maziwa na samli. Samli ya ng'ombe wa adui ndani ya gari langu! Hila safi. Akaniuliza ya nini. Nikasema ya pilau, Jumapili. Akafurahi, akaniongezea kijiko kikubwa cha bure. Mungu ambariki mama yule.

Saa nane mchana nimeiyeyusha juani juu ya bati, nikajaza shokapu zote nne, nikatoa mapovu ya hewa kwa kusukuma kipistoni polepole, inavyotakiwa. Nikaenda kujaribu kwenye mawe kando ya reli. Sijapata kuona! Tairi inashuka, inashika, inapanda. Bodi imetulia tuli. Nimepiga magoti palepale nikashukuru. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni akafanya ishara ya msalaba, akaongeza mwendo.

Jioni Mzee Hezekia kapiga simu. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza navaa buti namba ngapi. Nikamwambia asijisumbue. Akasema atanunua arobaini na tatu, zikinipwaya nitavaa na soksi.

Jumapili, 6 Julai

Maafa. Saa sita mchana, hodi. Malimi, Dotto na watoto wao watatu, wametoka kanisani, nguo bado zina mistari ya pasi. Wamekuja kula pilau.

Mtani akisikia kwako kuna chakula hangoji mwaliko. Hildegarda akanitazama. Mimi nikatazama dari. Basi akaazima mchele kwa jirani, akachinja jogoo wetu, na samli yote iliyobaki ikaishia sufuriani. Pilau ikatoka nzuri kweli. Nashukuru, maana sikuwa nimeonja pilau tangu Pasaka.

Katikati ya kula, Malimi akanimwagia siri zake zote bila kuulizwa. Anatia mafuta ya cherehani, basi. Springi laini mbele, ngumu nyuma, ili gari likipanda lisikalie matako. Akaniasa pia nisidanganywe na jua la Kilosa, Mikumi asubuhi ya mwezi huu kuna baridi na vitu vinaganda. Yote hayo huku anatafuna paja la jogoo wangu.

Mtani gani anakupa siri ya kweli siku moja kabla ya shindano? Mimi si mtoto. Walipoondoka tu nikabadilisha springi: ngumu mbele, laini nyuma. Samli nikaiacha ilivyo. Asante, Malimi, kwa kunionyesha njia ya kutopita.

Nauli sina. Malimi kasema atanipakia kwenye pikipiki yake. Hilo nimeliamini.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya kung'ata. Malimi akavua koti lake akanivisha mimi, yeye akajifunga shuka. Nikasema asante, moyoni nikajua anataka nilegee. Gari langu tulilifunga juu ya keria, likapigwa upepo Kilosa mpaka Mikumi.

Saa mbili kasoro tukaanza. Mama Irine na filimbi yake, wageni kama kumi na vikombe vya kahawa. Nikaitwa wa kwanza. Nikabonyeza rimoti. Gari likasogea limekakamaa kama kigoda. Nikaigusa shokapu kwa kidole. Haibonyei! Zote nne, samli imeganda. Tairi za mbele zikapanda jiwe la kwanza, la kwanza tu, gari likajipindua kinyumenyume, likabingirika mpaka miguuni kwa mgeni mmoja. Akaliokota, akalinusa, akamuuliza Mama Irine kama linaliwa.

Nikaenda kukaa juu ya ndoo. Akilini nikamwona Hildegarda kule nyumbani anapanga vyombo kwenye gunia, hanilaumu hata kwa neno moja. Nikalia. Naandika kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu.

Malimi akapanda mawe yote sita. Makofi. Mama Irine akamwita ampe kazi, Malimi akakataa! Akasema ng'ombe wake themanini wako Kidete, hawezi kuwaacha akachunge magari. Alikuja kunitania tu. Halafu akanifuata pale kwenye ndoo, akanishika mkono, akanisogeza mbele ya watu.

"Mama, mimi najua kuendesha tu," akasema. "Hili gari langu lilizama Mkondoa mwaka jana, mota ikafa. Aliyelifufua ni huyu. Mpe waya, mpe betri, mpe mota. Shokapu usimpe."

Watu wakacheka. Mama Irine akaniletea gari lake moja lililokufa tangu Krismasi. Dakika ishirini, likatembea. Nimeajiriwa! Sharti moja, limeandikwa kwenye barua na nimetia sahihi: katika magari ya rimoti nishughulikie waya, betri na mota tu.

Kumbe kila alichoniambia Malimi siku ya pilau kilikuwa kweli. Njiani nilitaka kumshukuru. Nikaishia kumwita mla michembe, vile viazi vikavu vya kwao Usukumani. Akaelewa.

Jumanne, 8 Julai. Kilosa

Hildegarda kaisoma barua mara mbili, kaingia jikoni, kakaa humo muda mrefu. Katoka na macho mekundu, kasema ni moshi. Sisi tunapikia gesi. Kisha kaniwekea chai na vitumbua vitano, akakaa pembeni ananitazama nikila. Sina cha kumlipa mwanamke huyu. Nimemwapia kwa jina la marehemu mama yangu kwamba shokapu za magari ya rimoti sitazigusa tena.

Mzee Hezekia kapewa habari. Kapongeza. Buti kasema atanitunzia.

Jumamosi, 12 Julai. Mikumi

Wiki ya kwanza imekwisha. Magari yote manane yanatembea. Mama Irine kanisifu mbele ya wapishi, kisha kaenda Morogoro, anarudi kesho. Malimi kapita kambini kuleta maziwa, kaniuliza kama bado sijafukuzwa. Mungu ampe maisha marefu.

Mchana Obed, dereva wa gari kubwa la kupeleka wageni mbugani, kalalamika kwamba linarusha abiria. Nikaingia uvunguni. Shokapu! Nikamweleza kwamba mimi shokapu nimezisomea kwa vitendo, na makosa yote yanayowezekana nimeshayamaliza. Obed akasema fundi anakuja Jumatatu. Ya nini kungoja Jumatatu wakati mtaalamu yupo? Kanuni ni ileile, saizi tu imeongezeka. Barua yangu inataja magari ya rimoti. Kiapo changu kadhalika. Hili halina rimoti. Mungu hamleti mtu mahali bure.

Obed kaenda kulala kidogo. Nimezifungua zote nne. Ajabu, hizi kubwa hazina kifuniko cha kutilia mafuta, wameziziba kabisa. Wageni saba wanatoka nalo kesho alfajiri kwenda kuona simba, kwa hiyo sikupoteza muda. Nimeshakata tatu.

Nimempigia Hildegarda nimwambie kwamba Mama Irine akirudi, huenda wakanipandisha cheo. Kaniuliza, kwa sauti ya chini, nimeshika nini mkononi. Nikamwambia msumeno. Simu ikakatika. Mtandao wa huku mbovu, lakini nashukuru, habari ya cheo aliisikia.