Pini Iliyotengenezwa Ikatike

Jumatatu, 13 Januari
Mashine ya kurusha theluji imefika. Dude hasa! Mdomo mpana kama mlango wa zizi, visu vya kulisha, feni, vishikio vinavyopasha mikono moto, bomba unalogeuza kwa kidole kimoja. Miaka yote jirani yangu Urho ndiye humsafishia njia mjane wetu Lempi, kwa kijimashine chenye pumu, kisha huketi jikoni mwake akinywa kahawa na nisu, mkate wake wa iliki. Msimu huu kahawa hiyo ni yangu. Na mpishi naye, Mungu akijalia.

Jumanne, 14
Balaa. Sijamaliza hata nusu ya ua wa Lempi, mashine ikameza gazeti lililoganda. Injini inanguruma, visu vimelala. Urho akaja, akanieleza kwa upole wa kuudhi kwamba ni pini tu ya kushikia visu, imekatika. Imetengenezwa laini makusudi, ikatike yenyewe ili gia zipone. Akanipa moja ya akiba. Mbele ya Lempi! Yaani wahandisi wamesoma weee, mwisho wakabuni kitu cha kuvunjika. Hongera zao.

Jumatano, 15
Nimeitupa pini ya Urho. Nimetia bolti ya trekta, chuma kigumu. Urho kaiona, akasikitika.
“Arvid ndugu yangu, kazi ya ile pini ni kufa. Iache ife.”
Mwenye wivu ajinyonge.

Alhamisi, 16
Usiku kucha upepo wa ziwani umetumwagia theluji. Safi! Nikaingia kwa Lempi kwa kishindo, theluji ikiruka juu ya paa. Alikuwa dirishani. Nikampungia mkono. Ndipo mashine ikala chuma cha kukwangulia tope viatuni, kilichofukiwa na theluji mbele ya mlango wa jikoni. Bolti haikutetereka. Gia zilisagika kama karanga, mafuta meusi yakatapakaa kotekote. Urho na kijimashine chake chenye pumu wakamalizia njia. Lempi akafungua mlango, moyo wangu ukaruka.
“Jirani, hebu sogeza hilo dude. Urho anashindwa kupita, na kahawa inapoa.”
Nilitamani theluji inifunike.

Ijumaa, 17
Nimelia kidogo. Kisha nikaifungua mashine. Gia zimekuwa unga. Lakini bolti! Haina hata mkwaruzo! Si nilisema? Nimeagiza gia mpya, na bolti nene zaidi.