Kinako na Jitu la Jirani

Jumatatu, 6 Oktoba
Leo nimeitwa "yule bwana wa kimbwa cha Ganta." Mbele ya duka la tofu, watu wakisikia. Mtaa huu huitwi kwa jina lako, unaitwa kwa mbwa wako, na mimi kwa miaka sita nimekuwa Baba Kinako. Nilikuwa nimekizoea cheo hicho. Sasa nacho kimekwenda.

Ganta ni mbwa wa jirani yangu, Narita. Ni wa aina ya Akita, kilo hamsini, kichwa kama sufuria ya wali. Kinako wangu ni chihuahua, kilo mbili na nusu, na hiyo nusu ni masikio. Tangu kiangazi kilichopita anamlalia Ganta mgongoni kama godoro. Asubuhi hanisalimu tena, anakwenda moja kwa moja kwenye uzio. Wanaambiana nini wale wawili? Sielewi. Nilipostaafu posta, Kinako peke yake ndiye aliyekuwa akinisubiri mlangoni. Roho inaniuma. Mke wangu Sumie anasema niache wivu, mtu mzima mimi. Siyo wivu. Ni suala la utaratibu.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimebadili saa ya matembezi. Tumetoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, mkononi chupa ya maji ya kuoshea mkojo wa mbwa, kimya kimya. Tunafika mtoni, Narita yuko pale na jitu lake. Anasema Ganta kaamka mapema, kakaa mlangoni, kagoma kurudi kulala. Nani kamwambia? Mpango nilimweleza Sumie tu, jikoni, mlango umefungwa. Kinako alikuwepo, ni kweli.

Alhamisi, 9 Oktoba
Faili la mtaa limefika. Matangazo yetu huzunguka nyumba hadi nyumba ndani ya faili hilo, na kila mwenye nyumba akishasoma anagonga muhuri wa jina lake na kulipeleka kwa anayefuata. Kwangu linatoka kwa mwenyekiti, Bi Kogure. Kutoka kwangu linakwenda kwa Narita. Nikacheka peke yangu.

Nimechapa karatasi na kuichomeka katikati ya ratiba ya takataka: "Mbwa wakubwa na wadogo wasikutane matembezini. Tofauti ya kimo inawachanganya wapita njia." Jina sikuweka, mimi si mjinga. Ila kule juu, mahali pa mtoa tangazo, kisanduku kilikuwa kitupu, kinanitazama. Miaka thelathini na minne posta, hakuna karatasi iliyotoka mikononi mwangu bila muhuri. Nikagonga. Wino mwekundu safi, herufi zimesimama wima. Sumie akauliza mbona napiga mluzi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mambo ya ajabu. Narita kaja na sanduku zima la matofaa, kainama mara tatu, kaomba radhi kwa usumbufu wa Ganta. Kwa nini aniombe mimi? Tangazo ni la mtaa. Halafu Bi Kogure kanisimamisha penye takataka, kauliza kwa adabu kama paka nao wamo. Nikamwambia mimi nitajuaje. Akatabasamu, akasema haya, kama bado sijaamua atasubiri. Niamue nini?

Hata hivyo mpango umeshika. Narita hamtoi Ganta mpaka sisi tumerudi. Kinako ni wangu tena.

Jumatatu, 13 Oktoba
Kinako hali chakula, siku ya pili leo. Nimempa kuku, samaki, kiazi kitamu cha kuoka. Amelala ameelekea ukutani, na ukuta wenyewe ni ule wa upande wa Narita. Daktari wa wanyama kampima kote, kasema hana ugonjwa wowote, kisha kaniuliza kama ana rafiki. Nikasema ana mimi. Daktari akaandika kitu, hakunionyesha.

Kule nyuma ya uzio Ganta naye analia. Kasauti kembamba, kilo hamsini zote zile. Naogopa. Nikimbeba Kinako nazihesabu mbavu zake. Lakini nikitaka kulifuta tangazo itabidi nikiri kuwa ni langu, na nikikiri nitapita wapi mtaa huu?

Jumatano, 15 Oktoba
Faili limepita tena, safari hii na onyo: dubu wameshuka milimani kutafuta makaki, matunda ya msimu huu. Akili ikanijia papo hapo. Karatasi ya pili: "Kwa ajili ya dubu, tangazo la awali limebatilishwa. Kila mbwa aliye chini ya kilo kumi atembee pamoja na mbwa mkubwa kuliko wote mtaani." Mbwa huyo ni nani, kila mtu anajua. Nikagonga muhuri, nikampelekea Narita faili mbio mbio, na kandambili za ndani miguuni.

Alhamisi, 16 Oktoba
Faili limezunguka nyumba zote usiku uleule, na sikujua mtaa una vimbwa vingi hivi. Tisa mlangoni kwa Narita, wengine wamevaa makoti. Bi Kogure kaleta wawili na mwavuli. Narita katoka na Ganta wala hakuuliza kitu. Ganta akawapita wote tisa kama majani makavu, akaja akalala chini mbele ya Kinako. Kinako akapanda mgongoni, akajikunja. Baadaye akala, tena kwenye bakuli la Ganta, na jitu likamsubiri amalize. Machozi yalinitoka. Nikasema ni upepo.

Narita akanivuta pembeni. Akasema, "Jirani, la kwanza nimetii, na la pili nimetii. La tatu njoo uniambie kwa mdomo, tunywe chai." Akanionyesha karatasi zote mbili. Kule juu, kwa wino mwekundu: TSUKADA. Jina langu. Kumbe mtaa mzima umejua tangu siku ya kwanza. Wametii tu, anasema, maana nimestaafu na waliona nahitaji kazi. Tena akaongeza kuwa ule mlango mdogo kati ya nyua zetu hauna hata kufuli, niufungue tu wacheze wanavyotaka. Nilirudi nyumbani nikasimulia yote. Sumie alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimewaza tangu kifungua kinywa. Mlango hauna kufuli, niufungue tu? Rahisi mno. Lazima kuna mtego. Kosa langu lakini nimeligundua: muhuri haukupaswa kuwa wangu. Nimekwenda duka la vifaa vya ofisi, ambako mihuri ya majina ya ukoo hupangwa kwenye kibao kinachozunguka. Kogure imekwisha. Narita ilikuwepo.

Karatasi ya tatu iko tayari: "Kwa afya ya Ganta, mlango mdogo kati ya Narita na jirani yake uachwe wazi kila siku." Nimegonga muhuri wa Narita. Safi kabisa, hakuna atakayeshuku. Ila ulionekana mpweke, peke yake kwenye karatasi nyeupe yote ile. Nikagonga na wangu pembeni, kuuthibitisha.