Mtunza Samaki wa Bwana Wadudu

Jumatano, 7 Juni 1911

Leo nimeanza kazi itakayonifikisha Ulaya. Bado sijaajiriwa, lakini hilo ni jambo dogo.

Mambo yenyewe ni haya. Yuko Mdachi amefikia nyumba ya wageni karibu na stesheni. Hukamata wadudu, akawachoma sindano na kuwapanga visandukuni. Korogwe nzima inamwita Bwana Wadudu. Sasa amewapenda samaki wa dimbwini, wale wadogo kama kidole cha mwisho, wenye mkia mwekundu na magamba ya samawati. Anasema kwao watu huwafuga majumbani ndani ya vioo, wakawatazama jioni badala ya kuzungumza na wake zao. Hilo la wake nimeongeza mimi.

Tarehe 19 atachagua mtu mmoja wa kuwatunza safarini, kutoka Tanga mpaka kwao. Atakayemletea samaki wazima, waliokaa nyumbani mwake siku kumi na mbili, ndiye.

Nami nina haja na kazi. Mwezi wa nne nilitolewa kazini katika ghala la stesheni kwa sababu nilibuni njia mpya ya kupanga mizigo. Njia ilikuwa nzuri. Mizigo ya Mombo ilifika Tanga na ya Tanga ikafika Mombo, lakini ilifika. Sasa Akida wa serikali anaandika majina ya wanaume wasio na kazi. Tarehe 20 watapelekwa shamba la mkonge. Mdogo wangu Simeo alikwenda mwaka juzi. Alirudi. Tangu hapo hasemi sana. Sitaki kuandika zaidi ya hayo.

Tumejitokeza wawili. Mimi, Habakuki Mhina, niliyesoma misheni miaka sita. Na Kibwana, fundi cherehani, ambaye akitakiwa sahihi huchovya kidole gumba. Kibwana ana kazi yake tayari, anachotaka ni kuiona bahari tu. Bwana Wadudu alitutolea chupa za kioo zenye mdomo mpana. Kibwana akaomba tatu ndogo. Mimi nikaomba moja, kubwa kuliko zote.

Mchana nilikwenda dimbwini, ng'ambo ya reli, na kipande cha chandarua. Nimepata kumi na mmoja. Sita wazuri kama kanga mpya. Watano wa rangi ya matope, hawana sura. Bi Zamda mfinyanzi alikuwa ukingoni akichimba udongo wa vyungu. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akachungulia ndoo yangu, akasema hao watano ndio wake zao. Nikacheka kwa adabu. Mama wa watu, mzaliwa wa Sindeni, anajua vyungu.

Njiani nimempa Kibwana wale watano wabaya. Ni vizuri kumsaidia mpinzani ukiwa na uhakika wa kumshinda.

Alhamisi, 8 Juni

Nimewatia wote sita katika chupa moja, nikaiweka barazani kwa Bi Mwanaidi, mwenye nyumba wangu. Jua likipiga inang'aa kama dirisha la kanisa. Majirani wamekuja kutazama. Nimewaeleza kwamba samaki ni kiumbe apendaye jamaa.

Saa tisa. Wanacheza ngoma. Wanatanua mapezi, wanazungukana.

Saa kumi. Si ngoma.

Saa kumi na mbili. Wawili wamekufa. Wa tatu hana mkia. Wa nne anaogelea ubavu. Waliobaki wawili wanatazamana kama watu wenye kesi ya shamba.

Nilipita kwa Kibwana kuona hasara yake. Hana hasara. Ana madume watatu, kila mmoja na chupa yake, na wale wabaya wangu amewagawa humo humo. Wametulia. Nikamuuliza amefanyaje. Akanijibu bila kusimamisha cherehani, kwamba kila mume na nyumba yake. Jibu la mtu asiyesoma.

Jumamosi, 10 Juni

Yule asiye na mkia na yule wa ubavu walifariki jana. Si neno. Wawili wenye nguvu ni bora kuliko sita wagomvi. Nimewatenga na kuwapa majina ya vyeo vya askari. Jemadari yumo chupani, Shaushi yumo katika bakuli la Bi Mwanaidi, jambo ambalo sijamwambia.

Kuhusu chakula. Kibwana huwapa viluwiluwi vya mbu, vichache, asubuhi tu. Ni aibu kumlisha mbu samaki anayekwenda Ulaya. Mimi nimewapa ugali. Hawakula. Nikadhani ni mdogo, nikaongeza. Nikatia na kiini cha yai.

Jioni maji yamekuwa uji. Bi Mwanaidi alitoka barazani ameziba pua na upande wa kanga, akauliza ni nani amekufa bila watu kupewa habari.

Jumapili, 11 Juni

Kanisani. Mwalimu Kaleb amehubiri juu ya unyenyekevu. Mahubiri mazuri. Nikageuka kumtafuta Kibwana ayasikie, nikakumbuka ni Mwislamu.

Baadaye nilikwenda dimbwini kuongeza samaki. Ng'ombe wa wafugaji Wakwavi wamepita. Maji yamenywewa, yaliyobaki yamevurugwa. Nimevua kwa muda wa saa mbili na kupata chura mmoja. Bi Zamda alikuwa pale pale na jembe lake. Akaniambia nisihangaike, samaki hawajaisha, wamelala chini. Nikatazama chini. Matope matupu. Nikamshukuru, maana mkubwa hakatazwi kusema.

Jumanne, 13 Juni

Nimewabadilishia maji. Yote kwa mara moja, kama mtu anavyobadili shuka. Maji ya kisimani, baridi, safi kabisa.

Jemadari alilala ubavu mpaka adhuhuri, akitafakari. Shaushi hakutafakari. Aliruka nje ya bakuli. Kibwana hufunika chupa zake kwa vitambaa vya mabaki. Mimi niliona kufunika ni kumnyima samaki hewa na heshima. Nilimkuta Shaushi sakafuni amekauka kama jani la mchai.

Amebaki Jemadari. Tukumbuke kwamba Bwana Wadudu hakutaja idadi.

Jumatano, 14 Juni

Jemadari hali ugali, hali yai, hali wali, hali mkate. Nimekwenda kwa Kibwana, si kuuliza, kupita tu. Akanikaribisha kahawa. Akanionyesha kila kitu bila kuombwa: anatoa maji kikombe kimoja na kutia kikombe kimoja, maji ya dimbwini yaliyotulia. Viluwiluwi vitano kwa kila samaki. Jani moja la majini wapate kujificha. Zaidi ya hapo hafanyi kitu. Anashona.

Mtu anayekufundisha bure ana lake jambo. Hata hivyo nimekubali la viluwiluwi. Ila kama vitano vyafaa, mia tano vyafaa zaidi. Nimejaza maji vyombo kumi na tisa nyuma ya nyumba: masufuria, vifuu, kinu, na beseni la kufulia. Mbu wenyewe watajua la kufanya.

Jumamosi, 17 Juni

Naandika nikiwa na uchungu, lakini naandika.

Mbu walijua la kufanya. Walianza na vyombo vyangu, wakamalizia na mtungi wa maji ya kunywa, ambao niliuacha wazi nilipochota. Asubuhi Bi Mwanaidi alikunywa, akaona kitu kinachezacheza katika kata yake. Mimi nilikuwa nimekwenda kunyolewa. Niliporudi, uani kote kulikuwa tope. Alikuwa amemwaga kila chombo chenye maji ndani na nje ya nyumba.

"Kila chombo, mama?" nikamuuliza.

"Kila chombo," akasema. "Na ile chupa yako inayonuka barazani ndiyo niliyoanza nayo."

Nilikimbia. Jogoo wake alikuwa amesimama pale barazani, ametulia kama mtu aliyeshiba.

Sikumlaumu Bi Mwanaidi. Amenivumilia miezi miwili bila kodi, na pilau ya Idi alinipa sahani iliyojaa. Nikakaa kwenye kizingiti. Tarjumani wa Akida alipita na daftari lake, akanisalimu kwa jina langu lote, Habakuki Mhina, taratibu, kama mtu anayehakikisha herufi. Nilimfikiria Simeo, jinsi anavyoficha mikono chini ya meza watu wakila.

Kisha akili ikarudi. Mtoni kuna vidagaa wengi, wa ukubwa ule ule. Wanakosa rangi tu. Na mimi, nilipotoka stesheni, nilitoka na chupa moja ya wino mwekundu na moja ya samawati.

Jumatatu, 19 Juni

Siku yenyewe. Nitaeleza yote, maana watu wa Korogwe wataeleza vibaya.

Saa tatu tulikuwa barazani kwa Bwana Wadudu. Kibwana na chupa zake tatu, samaki wake wote wazima, wanene, mikia kama bendera. Mimi na vidagaa wanne niliowapaka kwa unyoya wa kuku. Kwa mbali, niseme ukweli, wangu ndio walikuwa wazuri zaidi.

Bwana Wadudu akainama juu ya chupa yangu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maji yakaanza kuwa ya zambarau.

"Habakuki," akasema, "samaki hawa wanatoka damu?"

"Ni jasho, Bwana," nikajibu. "Wamesafiri kutoka nyumbani kwangu."

Akachovya kidole, akakitazama. Akakifuta kwenye karatasi, kidole kikaandika mstari mzuri mwekundu. Akamtazama Kibwana. Kibwana akatazama viatu vyake, na lazima nikiri kwamba hakucheka. Bwana Wadudu akaniambia niende. Hakufoka. Alilisema hilo neno moja tu, na tarjumani wa Akida alikuwa amesimama chini ya ngazi.

Hapo ndipo Bi Zamda alipokuja na chungu kichwani. Bwana Wadudu alikuwa amemwagiza vyungu vya kubebea samaki melini. Alileta kimoja tu. Akakishusha, akapiga goti kidogo, akasema:

"Bwana, hao wa chupani hawatafika. Maisha yao mafupi. Mvua ikiisha nao wameisha. Wewe beba huu udongo."

Bwana Wadudu akasema hakuomba udongo.

"Nimeuchimba mwaka jana dimbwini," Bi Zamda akasema. "Ulikuwa ndani kwangu tangu kiangazi. Juzi nikautia maji. Tazama mwenyewe."

Bwana Wadudu akaleta kile kioo chake cha kukuzia vitu. Akatazama. Kisha yule mtu mzima, mwenye ndevu, akakaa sakafuni na kuupakata mdomo wa chungu kama mtoto anayegombania ukoko. Nilichungulia juu ya bega lake. Ndani kulikuwa na vitu vyembamba kama kope za macho, na kila kope ina macho yake mawili, nazo zinaogelea.

Bi Zamda akaeleza mengi, habari za mayai sijui ya nini yaliyolala udongoni, na jinsi ya kuutunza udongo usikauke kabisa. Sikusikiliza. Nilikuwa namsikiliza tarjumani akifungua daftari.

Mwisho wake ni huu. Udongo hauhitaji mtunzaji safarini. Hauli, haupigani, hauruki. Utakwenda Ulaya peke yake ndani ya mifuko, kwa meli itakayofuata. Kibwana haendi. Amepewa kazi ya kushona mifuko ishirini, akasema vyema, bahari haihami. Samaki wake wametiwa katika spiriti wasioze, jambo ambalo limemhuzunisha kuliko alivyoonyesha. Bi Zamda ndiye mkubwa wa kazi yote, na amepewa barua ya kuchagua mtu mmoja wa kumchimbia, asiyeguswa na Akida.

Watu kadhaa walisogea. Bi Zamda akatutazama wote, akanyoosha kidole kwangu.

"Huyo?" akauliza tarjumani.

"Huyo," akasema Bi Zamda. "Hajui kitu, lakini mikono anayo. Na mkonge wa watu umekosa nini hata muupelekee huyu?"

Tarjumani akakata jina langu kwa kalamu. Niliisikia kalamu ikikwaruza. Nilitaka kumshukuru Bi Zamda, nikamshika mkono tu. Akaniambia nifike kesho alfajiri, na jembe nilete langu.

Jumamosi, 24 Juni

Nimepanda cheo. Mimi sasa ni Msimamizi wa Udongo.

Nimechimba siku nne. Mgongo unauma, lakini wachimbaji wasiosoma wasingeweza kuchimba kwa mistari iliyonyooka kama yangu. Mifuko ishirini imejaa, imepangwa kivulini nyuma ya nyumba ya Bi Zamda. Leo asubuhi amekwenda Sindeni, mpwa wake anaolewa. Atarudi Jumatano, na gari moshi la kuupeleka udongo Tanga ni Alhamisi. Ameniachia maagizo mafupi mno kwa mtu wa uwezo wangu. Nikae. Nifukuze mbuzi. Nisiguse mifuko.

Nimeifungua yote.

Ni vizuri nimeifungua. Udongo wa Bi Zamda una unyevunyevu, jambo la aibu kumpelekea Mzungu. Isitoshe ni mchafu. Umejaa vipunje vidogo vyeupe, vya mviringo, kama mbegu za mchicha zilizofifia. Vingi ajabu, kila mfuko. Sijui mama yule, fundi wa miaka yote hiyo, vimempitaje machoni.

Sitamwambia kitu, nitamsaidia kimyakimya. Bi Mwanaidi ameniazima ungo na chekeche, baada ya kuapa kwamba hakuna samaki katika jambo hili. Kesho nikitoka kanisani nitachekecha mfuko mmoja mmoja mpaka kipunje cha mwisho kitoke. Jumatatu nitaukausha udongo wote juu ya moto wa kuni, uwe mwepesi na wa kupendeza. Vipunje nitawamwagia kuku.

Bwana Wadudu hajapata kuona udongo safi kama huu. Nadhani atataka mtu wa kwenda nao.