Malalamiko Dhidi ya Wakili Aliyeutetea Uwele wa Mama Mdogo

Chrispin Msengi,
Wakala wa Mbegu Bora,
Shelui, Iramba.

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wakulima Wadogo,
Singida Mjini.

Ndugu Mkurugenzi,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi mimi, ya kwako nitaipokea siku tukionana, maana malalamiko haya hayawezi kusubiri mpaka tufahamiane.

Mimi ni wakala wa kampuni ya mbegu za alizeti hapa Shelui. Duka langu liko kando ya barabara kuu, mlango wa kijani, karibu na wachoma mahindi wanaowauzia madereva wa malori. Namlalamikia mtumishi wako, Wakili Yustina Mghenyi. Tangu alipokuja kutoa semina kijijini kwetu na kutangaza kwamba mkulima ana haki ya kuchagua anachopanda na anachokula, amani imetoweka. Naomba ahamishiwe mkoa ambako watu hawalimi.

Madai yangu ni haya:

1. Amewafundisha wakulima kuuliza. Kabla ya semina nilikuwa namwambia mkulima, "Saini hapa," anasaini, tunaagana vizuri. Siku hizi anashika kalamu, ananitazama, anasema, "Hapa pameandikwa nini?" Ndugu Mkurugenzi, mimi ni wakala, sikuuandika mkataba ule. Nimelazimika kuusoma wote, na humo yamo mambo ambayo ningependa kuendelea kutoyajua. Ugonjwa huu umeingia hadi nyumbani kwangu. Nilipomkumbusha mke wangu Jesca kwamba firigisi huliwa na baba mwenye nyumba, aliniuliza imeandikwa wapi. Nilikosa kifungu.

2. Suala la Mama Mdogo Luciana. Huyu ni mdogo wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea, na ninayosema nayasema kwa heshima zote. Alichukua alizeti yetu kwa shamba lake la bondeni, akakubali kutochanganya mbegu nyingine humo. Shambani sikumkuta na kosa. Nilimkuta na kosa uani. Alikuwa anampitishia jirani yake, Bi. Rukaiya, bakuli la mbegu za uwele juu ya ua wa minyaa, mchana kweupe, bila lebo, bila tarehe ya mwisho wa matumizi, na walikuwa wanacheka. Nikaona kama leo ni uwele uani, kesho ni mtama shambani, na keshokutwa kampuni inafungwa nami nachoma mahindi barabarani.

Nikaingia jikoni kwake, nikachukua kibuyu chote cha mbegu kiwe kielelezo. Uwele ule alirithi kwa mama yake, na kijijini hakuna mwingine aliyebaki nao. Wengine waliuacha walipoanza kununua kwangu. Mama Mdogo hakunigombeza. Alisema tu, "Chrispin mwanangu, usikiweke chini, panya wataingia." Nilikiweka juu ya kabati, kama alivyoagiza.

3. Mwenendo wa wakili barazani. Niliripoti kosa hilo kwenye baraza la kijiji, naye akaja kumtetea Mama Mdogo kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi, akasimama mbele ya mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Enock. Nilitegemea atapiga kelele. Aliniuliza kwa upole mkataba wangu unahusu zao gani. Nikasema alizeti. Akauliza kibuyu kina nini. Nikasema uwele. Shamba la mkataba liko wapi? Bondeni. Na kibuyu nilikitoa wapi? Nikasema jikoni. Akashukuru, akakaa.

Hii si haki. Wakili anatakiwa aseme sana ili na upande wa pili upate pa kumkamata. Huyu alinifanya niseme mwenyewe. Watu walicheka, na Mzee Enock akajifanya anakohoa. Tukakubaliana, kwa maana ya kwamba wao walikubaliana, nirudishe kibuyu siku hiyohiyo.

4. Kibuyu nilikirudisha. Mbegu nilishindwa. Duka na nyumba yetu ni jengo moja, na nilipokuwa barazani Jesca alipata wageni kutoka Mandewa. Akaona kibuyu, akasaga, akasonga ugali, akauandaa kwa mlenda na kuku. Nilirudi na njaa, nikala kielelezo bila kujua. Kwa uchungu mkubwa naeleza kwamba ulikuwa ugali mzuri. Niliomba nyongeza.

Nilipofahamu nilichokula, nilimpelekea Mama Mdogo kibuyu kitupu. Nilisimama nje. Akatoka yeye. Nikamweleza. Akauliza, "Umeshiba?" Nikajibu ndiyo. Kisha akaketi kwenye kigoda, akakipakata kibuyu. Mama yule nimemjua maisha yangu yote akichambua, akipepeta, akifagia. Sijawahi kuona mikono yake haina kazi. Suala hili nalo limeninyima usingizi, na naliweka kwenye hesabu ya wakili.

5. Hapa ndipo hasira yangu inapopanda zaidi. Tukiwa bado pale, Bi. Rukaiya alizunguka ua akaingia na bakuli lake. Mvua zilikuwa zimechelewa, alikuwa hajapanda. Alimimina nusu kwenye kibuyu, akasema, "Nusu yako, nusu yangu, dada." Mama Mdogo akamshika mkono, akaanza kulia, na mimi nikasingizia vumbi.

Sasa tafakari, Ndugu Mkurugenzi. Mbegu ile ingekuwa imekwisha duniani kama lisingekuwapo kosa lilelile nililoliripoti. Mimi niliyefuata utaratibu nimeila, na wahalifu wameiokoa. Jambo hili likiachwa hivi, watu wataanza kuamini kwamba mbegu inalindwa kwa kugawiwa, na sijui sisi wenye maduka tutamlindia nani nini.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Kina mama wote wenye vibuyu jikoni waandikishwe kama kampuni, walete na mihuri yao. Minyaa yote ya uani iachwe irefuke hadi bakuli lisipite. Majirani wakitaka kupeana mbegu, wapeane kwa huzuni, maana kile kicheko ndicho kinachowavuta wengine. Na mke wangu apewe semina ya kinyume, hasa katika kipengele cha firigisi.

Nategemea majibu kabla ya palizi ya pili. Nisalimie wafanyakazi wote wa kituo, pamoja na mlinzi wa getini. Mama Mdogo naye anakusalimu. Yuko hapa dukani, amekuja kununua chumvi, na nimemwambia naandika mambo ya kikazi.

Wako mpenda utaratibu,
Chrispin Msengi.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Asubuhi hii mkaguzi wa kampuni amepita, amekuta nyuma ya duka langu uwele uliofika magotini. Mbegu nilimwomba Mama Mdogo mwenyewe. Alinipa kikombe kimoja, akanionyesha na nafasi ya kuacha kati ya shina na shina, kana kwamba mimi si mtaalamu. Mkaguzi ameniagiza niung'oe kabla ya Ijumaa, la sivyo niache uwakala. Nimemjibu kwamba siung'oi, na sauti iliyotoka ilinishangaza hata mimi. Basi naomba uyaweke kando yote niliyoandika hapo juu, Wakili Yustina asihamishwe, na Alhamisi afike Shelui bila kukosa. Mama Mdogo amekubali kuwa shahidi wangu. Hakuuliza habari za mkataba. Ameuliza tu huyo mkaguzi ni mtoto wa nani.